Bibi Murray na Wachawi wa Ulaya

Wako watu Ulaya na Marekani ambao siku hizi hujiita wachawi kwa fahari, na kuuhesabu uchawi wao kuwa ni dini ya kale. Ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba sehemu kubwa ya imani hiyo ilichipuka katika kalamu ya bibi mmoja, mwalimu wa chuo kikuu, mfupi wa kimo na mrefu wa umri.

Margaret Murray alizaliwa Calcutta, Bara Hindi, mwaka 1863, akafariki Uingereza mwaka 1963 baada ya kutimiza miaka mia moja. Mwaka 1894 aliingia University College ya London kujifunza maandishi ya Misri ya kale, na haukupita muda akawa mwalimu. Bwana Flinders Petrie alipokuwa machimboni Misri, mzigo wa kufundisha ulimwangukia bibi huyu. Mwaka 1907 aliandamana na wanawake wenzake kudai haki ya kupiga kura.

Vita Kuu ya Kwanza ilipomfungia njia ya Misri, aligeukia majalada ya kesi za uchawi. Kitabu chake cha mwaka 1921 kilidai kwamba watu walionyongwa na kuchomwa moto kwa uchawi walikuwa wafuasi wa dini iliyotangulia Ukristo, wakimwabudu mungu mwenye pembe na kukutana katika vikundi vya watu 13.

Hapo ndipo penye ila. Maungamo aliyoyategemea aghalabu yalitolewa chini ya mateso, na wanawake wale waliungama pia kuruka angani na kugeuka wanyama. Bibi Murray aliyaruka maneno kama hayo, akabakisha karamu na ngoma zilizoweza kusadikika. Karani yeyote wa mahakama angejua kwamba ushahidi haukatwi hivyo. Mwaka 1975 mwanahistoria Norman Cohn aliyalinganisha manukuu yake na maandishi ya asili, na ila hiyo ikawa dhahiri.

Lakini tangu mwaka 1929 kamusi kuu ya elimu ya Uingereza, Encyclopaedia Britannica, ilikuwa imekwisha kumpa nafasi ya kueleza uchawi ni nini, naye akayaandika mawazo yake kana kwamba ni mambo yaliyokwisha thibitishwa. Maelezo hayo yalidumu humo takriban miaka 40. Sheria ya uchawi ya Uingereza ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, Gerald Gardner alijitokeza hadharani na dini yake, na kitabu chake cha mwaka 1954 kilipewa dibaji na Bibi Murray mwenyewe.

Tunasikitika kwamba sifa hizo hazikumfikia Georgina Jackson, aliyekusanya mila za wanavijiji wa Shropshire, wala Charlotte Burne, aliyezihariri mwaka 1883 na baadaye kuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza chama cha wataalamu wa ngano na mila mjini London. Hao waliwasikiliza watu walio hai.

Bibi Murray naye aliiweza kazi hiyo alipotaka. Alipochimba mambo ya kale katika kisiwa cha Malta miaka ya 1920, alivutiwa na hadithi za wenyeji, na mwaka 1932, akishirikiana na L. Galea, akatoa kitabu cha ngano za kisiwa hicho. Ndicho kitabu chake tunachokipenda zaidi, na ni nadra sana kutajwa.