Speke, mtu aliyepima Ziwa Victoria kwa maji yanayochemka

Ukichemsha maji Rujewa, yanatokota kabla ya nyuzi 100, kwa sababu mji uko juu ya usawa wa bahari. John Hanning Speke, Mwingereza aliyezaliwa 1827, alitumia ujanja huohuo Mwanza, Agosti 1858. Kipimajoto chake kilikuwa cha Farenhaiti, na urefu akauandika kwa futi: 3,740. Ukigeuza ni mita 1,140. Leo ziwa linajulikana kuwa mita 1,134 hivi, yaani hakukosea sana!

Akasema hapo ndipo chanzo cha Nile. Mwenzake Burton akabisha.

Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Namba yake ilibaki. Ila ukiikuta kitabuni, cheki kwanza: futi au mita?