Dion Boucicault: Mtunzi Aliyebadilisha Mwisho

Dion Boucicault, mzaliwa wa Dublin, alipata sifa jijini London mwaka 1841 kwa tamthilia ya London Assurance. Baadaye alihamia Marekani, akawa miongoni mwa waliopigania sheria ya 1856 iliyowapa watunzi haki juu ya uigizaji wa kazi zao. Mwaka 1859 alileta The Octoroon katika jukwaa la New York. Humo Zoe, chotara aliyeuzwa mnadani Louisiana, anakunywa sumu. Sheria haimruhusu kuolewa na mpenziwe Mzungu. Mwaka 1861 hadhira ya London ilikipinga kifo hicho, naye Boucicault akauandika mwisho upya, Zoe akaishi. Hivyo aliyetetea mamlaka ya mtunzi aliyasalimisha kwa walipa kiingilio. Alifariki New York mwaka 1890.