Major Taylor: mutu mweusi mwenye alifanya kinga ifuate mwili wake

Kuna bingwa mumoja wa kinga mwenye jina lake limebaki juu ya kipande kidogo cha chuma. Kile kipande kinashika gido, na mupaka leo wapenzi wa kinga za zamani wanakiita kwa jina lake. Huyo ni Major Taylor.

Jina lake la kweli ni Marshall Taylor. Alizaliwa tarehe 26/11/1878 ku Indianapolis, mu Marekani. Baba yake alikuwa anaendesha gari la farasi la familia moja ya wazungu matajiri. Mutoto wa ile familia alikuwa rafiki yake, na ni kwa njia hiyo kinga ya kwanza ilimufikia. Kisha duka moja la kinga likamupa kazi: afanye michezo juu ya kinga mbele ya mulango, amevaa nguo za kiaskari. Watu wakaanza kumuita Major, na jina likabaki.

Ku Indianapolis milango ya mashindano ilikuwa inafungwa mbele ya mutu mweusi. Louis Munger, muzungu mwenye alikuwa mukimbiaji na mutengenezaji wa kinga, akamuchukua mwaka 1895 wakahamia Worcester, mu jimbo la Massachusetts. Kule akapata nafasi ya kuonyesha nguvu zake.

Kinga ya velodromu si sawa na kinga ya barabara. Haina fre, haina vitesi. Pedale zinazunguka wakati wote gurudumu linazunguka. Huwezi kupumuzisha miguu. Na pale mutu anakimbia sana, adui wake mukubwa ni upepo, na sehemu kubwa ya ule upepo inapiga mwili wake, si chuma. Kwa hiyo namna ya kukaa inaweza kukupa ushindi ao kukunyanganya.

Wakati ule wakimbiaji wengi walikuwa bado wanakaa wima, mikono karibu na kifua. Taylor akachukua njia ingine. Alitumia kipande cha chuma chenye kinatoka mbele ya kinga, na gido inafungwa juu yake. Unafungua kidogo, unasukuma gido mbele ao unairudisha nyuma, kisha unakaza. Hivyo mugongo ukalala, kichwa kikashuka, upepo ukapita juu.

Kuna akili ndani ya ile kazi. Kadre tunaichagua kufuatana na muguu. Ukae juu ya kiti, uweke kisigino juu ya pedale yenye iko chini kabisa: muguu unapaswa kunyooka. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, goti linakunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu iko. Lakini mikono nayo ina kipimo chake. Mutu mwenye kutafuta nafasi ya mikono kwa kuchukua kadre kubwa anapata shida mbili: gido inapanda juu, mugongo nao unapanda. Basi afazali kadre yenye inaenea muguu, kisha gido isukumwe mbele. Tena isipite kiasi: mikono ikinyooka kabisa, mabega yanachoka na kinga inakuwa nzito kugeuza.

Taylor alikuwa na lazima ya kukimbia vizuri kuliko wengine, kwa sababu alikuwa anapigana na zaidi ya upepo. Wazungu wengi walikuwa wanaungana kumufungia njia. Mwaka 1897, ku Taunton, kisha mashindano, mukimbiaji mumoja alimushika shingo akamukaba mupaka akazimia. Yeye alijulikana kwa kuchomoka kwa gafula: nafasi ndogo ikifunguka, amekwisha kupita.

Tarehe 10/8/1899, ku Montreal, mu Canada, akakuwa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Mwaka 1901 akaenda Ulaya. Ku Paris, mu uwanja wa Parc des Princes, alikutana na Edmond Jacquelin, bingwa wa Ufaransa. Mara ya kwanza Jacquelin akashinda. Siku chache kisha, Taylor akarudisha. Na ile safari yote hakukubali kukimbia siku ya Mungu, kwa sababu ya imani yake, hata kama siku hiyo ndiyo ilikuwa inajaza viwanja. Mwaka 1903 na 1904 alikimbia mu Australia pia.

Akaacha mashindano mwaka 1910. Feza ikaisha polepole. Mwaka 1928 alitoa kitabu cha maisha yake, lakini hakikumuinua. Tarehe 21/6/1932 akafa ku Chicago mu umaskini, akazikwa kwenye kaburi bila alama. Mwaka 1948 tu wakimbiaji wa zamani, wakisaidiwa na Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha kinga, walimuondoa pale wakamuzika kwa heshima. Ku Indianapolis, kwenye walimufungia milango, velodromu yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 1982.

Basi wewe mwenye kutafuta kinga, usiitazame rangi kwanza. Pima muguu, kisha mukono. Major Taylor hakungoja wamupe kinga ya kipimo chake. Aliifungua, akaikaza tena, akapita.