Zhang Zhongjing na Kipimo cha Dawa

Kila nisikiapo mtu akidai kwamba dawa za mitishamba hazina kipimo wala hazidhuru, mimi humkumbuka Zhang Zhongjing, tabibu wa Kichina aliyezaliwa yapata mwaka wa 150 katika eneo la Nanyang, mkoani Henan. Nasaba ya Han ilikuwa ikielekea ukingoni, na vita na maradhi yaliandamana. Katika dibaji ya kitabu chake anaeleza kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, lakini katika muda usiotimia miaka 10 tangu mwaka wa 196, thuluthi mbili yao waliangamia, wengi kwa homa. Msiba huo ndio uliomshikisha kalamu.

Yasimuliwa kwamba alikuwa gavana wa Changsha, akiwatibu raia katika ukumbi wa serikali. Wanahistoria wengi hulitilia shaka jambo hilo, nami sioni kwamba linamwongezea sifa. Sifa yake imo katika maandishi ambayo Wang Shuhe aliyakusanya baada ya kutawanywa na vita, nayo ni kitabu kiitwacho Shanghan Lun.

Mtazame mgonjwa wake mmoja. Mwili umegeuka rangi ya chungwa, jasho lamtoka kichwani tu, ana kiu, mkojo haupiti vyema na tumbo limejaa kidogo. Dawa yake ni yinchenhao, mmea wa jamii ya pakanga, pamoja na matunda 14 ya gadenia na mzizi wa dahuang uendeshao tumbo. Yinchenhao hutangulia kuchemshwa peke yake hadi maji yapungue nusu, ndipo vile viwili vitiwe. Yakisalia robo, huchujwa na kunywewa mara tatu. Hata rangi ya mkojo itakayoonyesha kwamba umanjano unatoka ameitaja. Mwalimu wa sayansi ataitambua hapo adabu ya maabara.

Zhang aliaga dunia yapata mwaka wa 219. Mnamo 2004, watafiti nchini Marekani walionyesha kwa kutumia panya kwamba skoparoni, kemikali iliyomo katika yinchenhao, huamsha kipokezi fulani katika seli za ini. Kipokezi hicho huzidisha vimeng'enya viondoavyo bilirubini, ile rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizochakaa.

Dawa yake nyingine, xiaochaihu, yenye mimea saba, ilienea sana Japani kwa wagonjwa wa ini sugu. Mwaka wa 1996 serikali ya nchi hiyo ilitoa onyo kali: baadhi ya watumiaji walikuwa wamepata uvimbe wa mapafu, na 10 wakafa. Hatari ilizidi kwa waliotumia interferoni pamoja nayo. Zhang mwenyewe hakuiandikia jina la ugonjwa wa ini. Aliifungamanisha na dalili mahsusi: homa na baridi zinazopokezana, mdomo mchungu, kichefuchefu, na kifua na mbavu kujaa.