Francis Davis, mhandisi aliyeupunguza uzito wa usukani

Dereva wa leo anayeliegesha lori lake kwenye foleni ya mpakani huuzungusha usukani kwa mkono mmoja, na mara nyingi hafikirii kwamba jambo hilo liliwahi kuwa muhali. Miaka 100 iliyopita kuendesha gari zito ilikuwa kazi ya misuli. Usukani ulitengenezwa mpana ili dereva apate wenzo wa kutosha, na bado alilazimika kusimama nusu na kuuvuta kwa mikono yote miwili kila alipotaka kukata kona kwa mwendo mdogo. Gurudumu la mbele lilipotumbukia shimoni au kugonga jiwe, pigo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye usukani, nao ukageuka ghafla na kuweza kumvunja dereva kidole au kifundo cha mkono.

Mtu aliyejitolea kuiondoa adha hiyo ni Mmarekani Francis Wright Davis. Kifaa alichokibuni ndicho ambacho mafundi wetu wanakiita pawa stelingi. Kilikamilika mwaka 1925, lakini ilipita robo karne kabla mnunuzi wa kawaida hajakipata.

Kutoka ofisini hadi karakana ndogo

Davis alizaliwa mwaka 1887 mjini Philadelphia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka 1910. Baada ya hapo alijiunga na Pierce-Arrow, kampuni ya mjini Buffalo, jimbo la New York, iliyosifika kwa magari ya kifahari na pia kwa malori imara. Huko alipanda ngazi hadi kuwa mhandisi mkuu wa idara ya malori.

Cheo hicho kilimweka karibu na tatizo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia malori ya Marekani yalipelekwa Ulaya kwa wingi, na mahitaji ya magari makubwa zaidi yaliongezeka. Kila tani iliyoongezwa juu ya ekseli ya mbele iliongeza mzigo kwenye mikono ya dereva. Tairi nazo zilikuwa zikibadilika: zile pana zenye upepo mdogo, zilizopendwa kwa ulaini wake, ziligusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi na hivyo kuwa ngumu kugeuzwa. Wahandisi walijaribu kupunguza uzito huo kwa kubadili uwiano wa meno ya gia ya usukani, lakini dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Usukani ulikuwa mwepesi, ila dereva alilazimika kuuzungusha mara nyingi mno kabla gari halijapinda, na jambo hilo ni hatari anapokutana na kikwazo cha ghafla.

Mwaka 1922 Davis aliacha kazi yenye mshahara na heshima, akahamia Waltham, mji mdogo wa viwanda katika jimbo la Massachusetts, na kukodi karakana. Msaidizi wake alikuwa George Jessup, fundi hodari wa kutengeneza vifaa. Wawili hao walikusudia kuutumia mgandamizo wa mafuta kuusaidia mkono wa binadamu.

Vali inayokaa wazi

Wazo la kutumia nguvu nyingine kugeuza magurudumu halikuwa geni. Wavumbuzi kadhaa walikuwa wamelijaribu tangu karne ya 19, na katika lori moja la mwaka 1903 ilitumika mota ya umeme. Nguvu ya mafuta yaliyogandamizwa nayo ilikuwa ikitumika viwandani katika mashine za kushindilia chuma. Ugumu ulikuwa kuiingiza nguvu hiyo ndani ya gari bila kuleta balaa jipya. Kama pampu ingehifadhi mgandamizo mkubwa wakati wote, mafuta yangevuja kwenye viungo, mabomba yangechoka upesi na injini ingebeba mzigo bila sababu, hata gari likiwa linakwenda moja kwa moja.

Davis aliugeuza utaratibu huo juu chini. Katika mfumo wake vali hukaa wazi. Gari linapokwenda wima barabarani, pampu inayozungushwa na injini hupitisha mafuta kwenye vali na kuyarudisha kwenye chombo chake bila kipingamizi. Dereva anapouzungusha usukani, vali husogea kidogo sana, ikabana njia ya upande mmoja. Mgandamizo hupanda upande huo, ukasukuma pistoni iliyo ndani ya silinda, na pistoni husaidia kugeuza magurudumu. Dereva akiacha kuzungusha, vali hurudi katikati na mafuta huendelea na mzunguko wake wa kawaida.

Ubunifu huo ulikuwa na faida mbili ambazo zimedumu hadi leo. Kwanza, pigo la shimo au jiwe hukutana na mafuta ndani ya silinda kabla ya kumfikia dereva. Pili, mnyororo wa vyuma kati ya usukani na magurudumu haukukatwa. Injini ikizimika au pampu ikifa njiani, gari bado hupinda, ingawa kwa uzito mkubwa. Nguvu ya mafuta ni msaidizi tu, na anayeamua njia ni dereva.

Mwaka 1925 mfumo huo ulifungwa kwenye gari dogo la Pierce-Arrow na kujaribiwa barabarani. Mwaka uliofuata Davis na Jessup walilipeleka Detroit, makao ya viwanda vya magari, kuwaonyesha wakubwa wa sekta hiyo.

Mlango uliofunguliwa, kisha ukafungwa

General Motors ilivutiwa na kutia saini mkataba. Kwa miaka kadhaa Davis alifanya kazi na wahandisi wake kuuboresha mfumo huo, na matarajio yalikuwa kuuweka kwenye magari ya Cadillac. Kisha ukaja Mdororo Mkuu wa uchumi. Viwanda vilifungwa, mamilioni ya Wamarekani walipoteza ajira, na magari ya kifahari yakakosa wanunuzi. Kampuni ilipopiga hesabu, ilionekana kwamba gharama ya kutengeneza kifaa hicho kwa idadi ndogo ya magari isingerudi. Mwaka 1934 mpango huo ulisitishwa.

Kwa mvumbuzi, pigo hilo lilikuwa na uchungu wa pekee. Kifaa chake hakikukataliwa kwa kuwa na kasoro. Kilikataliwa kwa bei yake. Wakati huohuo saa ya hataza ilikuwa ikihesabu, kwa maana haki ya mvumbuzi kumiliki uvumbuzi wake ina kikomo cha miaka, na muda hausimami kwa sababu ya hali mbaya ya uchumi.

Davis hakurudi kwenye ajira ya kawaida. Mwaka 1936 aliingia mkataba na kampuni ya Bendix, iliyojulikana kwa breki na vifaa vya ndege. Hata hivyo, hadi mwaka 1939 ni magari 10 tu yaliyokuwa yametengenezwa na mfumo wake. Baada ya miaka 17 ya kazi, hayo ndiyo yaliyokuwa mavuno.

Vita vyatoa ushahidi

Vita vya Pili vya Dunia vilifanya kile ambacho soko lilishindwa kufanya. Majeshi yalihitaji magari ya deraya, mazito kupita kiasi, yatakayoendeshwa na vijana waliochoka, usiku, katika ardhi isiyo na barabara. Hapo hoja ya bei ilipoteza nguvu, kwa sababu gari lisilopinda kwa wakati liliwaponza waliokuwamo. Staghound, gari la deraya lililoundwa na Chevrolet kwa ajili ya jeshi la Uingereza, lilifungwa usukani wa nguvu. Vita vilipokwisha, maelfu ya magari ya kijeshi yalikuwa yameutumia mfumo huo katika mazingira magumu, na hakuna aliyeweza tena kudai kwamba ulikuwa jaribio la karakanani.

Biashara ya kiraia ilifuata. Mwaka 1951 Chrysler ilikuwa ya kwanza kuuza gari la abiria lenye usukani wa nguvu, aina ya Imperial. Mfumo wake ulitegemea baadhi ya mawazo ya Davis ambayo hataza zake zilikuwa zimekwisha muda, kwa hiyo kampuni hiyo haikuwa na wajibu wa kumlipa kwa hayo. General Motors, iliyokuwa imekiweka kando kifaa hicho, ilirudi haraka kwa mtu iliyemwacha. Mwaka 1952 magari ya Cadillac yalitoka na mfumo uliotokana na kazi aliyoifanya pamoja nayo karibu miaka 20 kabla.

Mifumo hiyo miwili ilitofautiana katika jambo moja ambalo madereva walilitambua mara moja. Usukani wa Imperial ulisaidiwa wakati wote, ukawa mwepesi hata baadhi ya watu wakalalamika kwamba hawaihisi barabara. Ule wa General Motors ulimwachia dereva juhudi ndogo kwanza, kisha msaada ukaingia. Hivyo mkono uliendelea kupata habari za magurudumu: utelezi, mteremko na mvutano wa upande.

Wepesi unaoficha maradhi

Hoja hiyo ya mkono kuihisi barabara ina uzito hadi leo, hasa kwa nchi zetu ambako magari mengi huingia yakiwa yametumika ng'ambo na kupokelewa na barabara za vumbi na makorongo. Zamani, magurudumu yaliyopoteza mpangilio yalimchosha dereva kwa saa chache, naye akalazimika kwenda kwa fundi. Usukani wa nguvu huufunika uchovu huo. Gari linaweza kuvuta upande kwa miezi mingi huku mafuta yakifanya kazi ya kulirudisha njiani, na ushahidi wa kwanza ukawa tairi zilizolika ukingo mmoja.

Ndiyo maana fundi makini hukagua mambo hayo mawili pamoja. Huanza na mafuta: kiwango chake, rangi yake na harufu yake. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua huonyesha uchakavu, na yenye povu huonyesha kwamba hewa imeingia. Hukagua mkanda wa pampu kama umelegea au umepasuka, na mabomba kama yanatoa jasho. Usukani ulio mzito pande zote mbili humwelekeza kwenye pampu, mkanda au upungufu wa mafuta. Ulio mzito upande mmoja tu humfanya aishuku vali. Dereva naye huonywa asiubane usukani mwisho wa mzunguko kwa muda mrefu, kwa sababu hapo mgandamizo hufikia kilele na mafuta huchemka.

Mpangilio wa magurudumu, ambao wengi huuita alaimenti, hupimwa baadaye. Kabla ya kupima, upepo wa tairi husawazishwa, na vichwa vya tairodi, boljointi na beringi hukaguliwa, kwa kuwa kupima gari lenye viungo vilivyolegea ni kazi bure. Fundi huangalia kama magurudumu ya mbele, yakitazamwa kutoka juu, yanaelekeana au yanaachana. Kama yanalala ndani au nje yakitazamwa kutoka mbele. Na kama mhimili wa kupindia una mwinamo unaourudisha usukani katikati baada ya kona. Usukani hufungwa ukiwa umenyooka, tairodi za pande mbili hurekebishwa kwa kiasi kinacholingana, na nati zake hukazwa kabla gari halijarudishwa barabarani kwa jaribio.

Miaka ya mwisho

Davis aliishi muda wa kutosha kuiona kazi yake ikienea. Kifaa kilichoonekana ghali mno mwaka 1934 kilikuwa jambo la kawaida kwenye magari ya Marekani katika miongo miwili iliyofuata mwaka 1952, na malori makubwa ya dunia nzima yakakitegemea. Alifariki mwaka 1978, akiwa amevuka umri wa miaka 90.

Magari mengi mapya sasa hayana pampu wala mafuta ya usukani. Mota ya umeme na kompyuta vimechukua nafasi hiyo, nazo husaidia kulingana na mwendo wa gari: zaidi wakati wa kuegesha, kidogo kwenye mwendo kasi. Lakini katika malori yanayopanda kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kuelekea nchi zisizo na bahari, vali inayokaa wazi na kujibana kidogo kila dereva anapokata kona bado inafanya kazi kwa kanuni ileile iliyojaribiwa Waltham mwaka 1925.