Bernhard Grzimek

Bernhard Grzimek (24 Aprili 1909 – 13 Machi 1987) alikuwa daktari wa mifugo, mtaalamu wa wanyama na mtengenezaji wa filamu kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa utafiti alioufanya pamoja na mwanawe Michael katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Tanganyika (leo Tanzania).

Maisha

Alizaliwa Neisse, mji ambao siku hizi unaitwa Nysa na uko nchini Poland. Alisomea udaktari wa mifugo Leipzig na Berlin. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imebomolewa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliijenga upya na kuiongoza hadi mwaka 1974. Kuanzia mwaka 1956 aliendesha kipindi cha televisheni kuhusu wanyama kilichompatia umaarufu mkubwa nchini kwake.

Utafiti wa Serengeti

Hifadhi ya Serengeti iliundwa mwaka 1951. Miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ilipanga kubadilisha mipaka yake: Ngorongoro na nyanda za mashariki zitolewe, na eneo la kaskazini liongezwe. Wakati huo idadi ya wanyama na njia zao za kuhama hazikujulikana vizuri.

Mwaka 1958 Grzimek na Michael waliwahesabu wanyama kutoka angani, kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari kama punda milia. Walipata jumla ya wanyama zaidi ya 366,000, wakiwemo nyumbu takriban 99,000. Walionyesha pia kwamba makundi ya nyumbu hutumia nyanda zilizokuwa zinataka kutolewa.

Nyanda hizo zina udongo wa majivu ya volkeno wenye madini mengi. Majani mafupi yanayoota hapo wakati wa mvua huwafaa nyumbu wanaozaa na kunyonyesha. Kiangazi maji hukauka, na makundi huelekea magharibi na kaskazini. Simba, fisi na tumbusi huwategemea nyumbu kwa chakula, na samadi ya nyumbu hurutubisha udongo unaootesha majani. Hivyo njia ya nyumbu ikikatwa, viumbe wengine nao hudhurika.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege iliyorushwa na Michael iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael alifariki akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake alikamilisha kitabu na filamu kuhusu Serengeti, na mwaka 1960 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Hata hivyo, mipaka ilibadilishwa mwaka 1959 kama ilivyopangwa.

Baada ya utafiti

Hesabu ya mwaka 1958 ilikuwa kipimo muhimu kwa watafiti waliofuata. Katika miaka ya 1960 chanjo ya ng'ombe ilizuia ugonjwa wa sotoka usiwaambukize nyumbu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamezidi milioni moja. Kwa kuwa walikula majani mengi, moto wa nyika ulipungua, na miti ikaongezeka. Chanjo iliyotolewa kwa mifugo nje ya hifadhi ilibadilisha hata misitu iliyo ndani yake.

Ukosoaji

Grzimek aliamini kwamba watu hawapaswi kuishi ndani ya hifadhi za taifa. Wamasai waliokuwa wakichunga Serengeti walihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi wakapelekwa Ngorongoro. Wakosoaji wanasema msimamo wake haukuzingatia kwamba wafugaji na wanyamapori walikuwa wameishi pamoja katika nyanda hizo kwa muda mrefu. Mjadala huo unaendelea hadi leo.

Kifo

Grzimek alifariki Frankfurt. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa Ngorongoro, kando ya kaburi la mwanawe. Shirika la Zoolojia la Frankfurt, ambalo aliliongoza kwa miaka mingi, bado linafanya kazi za uhifadhi Serengeti.