Florini za Mozart

Wasomaji wetu waimbao katika kwaya za kanisa waujua wimbo wa Ave Verum Corpus. Ulitungwa mwezi wa Juni 1791 na Wolfgang Amadeus Mozart wa Vienna, ambaye wakati ule alikuwa amezama katika madeni. Wengi hudhani alikuwa fukara aliyetupwa na watu wa mji wake. Sivyo. Mozart alikuwa mtu wa kipato kikubwa, na ndiyo maana twapenda kuwasimulia habari zake wazazi ambao Mungu amewajalia mshahara mnono.

Alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756. Tangu utoto baba yake, Leopold, alimzungusha katika majumba ya wafalme wa Ulaya akipiga kinanda. Mwaka 1779 Askofu Mkuu wa Salzburg alimwajiri kwa florini 450 kwa mwaka. Kazi ile haikumpendeza (na Askofu Mkuu yule, twakiri, hakuwa bwana mpole), akaiacha mwaka 1781, akahamia Vienna. Mwaka uliofuata alimwoa Constanze Weber katika kanisa la Mtakatifu Stefano.

Neema ilikuja upesi. Alifundisha muziki katika nyumba za wakubwa, akauza nyimbo zake, tena akapiga kinanda mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwezi wa Machi 1785 Leopold, aliyekuja kumtembelea, alimwona mwanawe akipata florini 559 kwa onyesho moja. Jioni moja ilizidi mshahara wa mwaka mzima kule Salzburg!

Lakini tuyatazame na matumizi. Mozart alikuwa amekwisha kuhamia nyumba nzuri karibu na kanisa la Mtakatifu Stefano, ambayo kodi yake ilikuwa florini 460 kwa mwaka. Yaani kodi peke yake ilipita mshahara wake wa zamani. Alikuwa na meza ya biliadi, farasi wa kupanda, watumishi, na mavazi ya kukaa pamoja na mabwana wakubwa. Hatumlaumu kwa mavazi, kwani aingiaye katika majumba ya wakuu hawezi kuvaa matambara. Kosa tulionalo ni jingine. Mapato yake yalikuja kama mvua, msimu huu tele, msimu ujao manyunyu, naye alipanga maisha ya nyumba yake kana kwamba masika hayaishi. Ghala hakujenga.

Mwaka 1788 Austria iliingia vitani na Waturuki. Wakuu wengi waliondoka mjini, maonyesho yakapungua. Kaisari alikuwa amempa kazi ya florini 800 kwa mwaka, mshahara ambao nyumba nyingi zingeushukuru, lakini kwake haukutosha. Ndipo akaanza kumwandikia mfanyabiashara Michael Puchberg barua za kuomba fedha, barua ambazo hata leo ni uchungu kuzisoma. Puchberg alimpa, mara nyingi pungufu ya alichoomba. Mwaka 1789 Constanze aliugua, ikambidi aende Baden kwenye maji ya tiba. Ugonjwa hauchagui nyumba, lakini huu uliikuta nyumba tupu.

Mwezi wa Novemba 1791 mahakama iliamuru Mozart amlipe bwana mkubwa Karl Lichnowsky florini 1,435. Tarehe 5 Desemba akafariki, mwenye umri wa miaka 35, wakati opera yake Die Zauberflöte ilipokuwa ikijaza watu na mapato yakianza kurudi. Fedha taslimu iliyokutwa nyumbani ilikuwa florini 60.

Constanze aliachwa na wana wawili, mmoja wa miezi minne. Wako waliomwita mfujaji. Basi Kaisari alimpa pensheni ya florini 266 tu kwa mwaka, naye akaandaa maonyesho, akauza maandishi ya marehemu, akalipa madeni. Mwaka 1797 mjane huyu alikuwa na akiba ya kutosha hata kuwakopesha rafiki zake wa Prague.